Siku Nne za Kupogoa

Aron alizikwa siku ya Jumamosi, mwezi wa Mei. Wiki tatu baadaye mjane wake, Janeffer, alifikisha gunia la majani mabichi ya chai kwenye kituo cha mizani kilicho juu ya soko la Silibwet, akalitua kutoka mgongoni na kungoja. Karani, kijana aliyeitwa Sagini, aliingiza namba ya shamba, ile ambayo kiwanda hulipia chai, kwenye kimashine chake. Akakunja uso, akaiingiza tena.

"Mama Chepchumba," akasema kwa sauti ya chini, "hii namba sasa inasoma Gibson."

"Gibson gani?"

"Shemeji yako. Ilibadilishwa juzi. Kuna barua ya chifu, iko huko kiwandani."

Janeffer aligeuka kuwatazama watu waliopanga foleni nyuma yake. Mmoja aliinama kufunga kamba ya gunia ambalo tayari lilikuwa limefungwa. Mwingine alikuwa ameona kitu huko barabarani. Ndipo alipojua kuwa yeye ndiye wa mwisho kupata habari.

Barua yenyewe alikuja kuisoma baadaye. Ilikuwa na mistari minne tu: marehemu Aron hakuacha mtoto wa kiume, kwa hivyo mrithi wa namba yake ya chai ni mdogo wake, Gibson. Aron alikuwa ameacha wasichana watatu. Mkubwa wao, Chepchumba, alikuwa kidato cha tatu. Katika mistari ile minne hakutajwa hata mmoja, wala mama yao.

"Nipime?" Sagini akauliza. "Kilo zitaingia tu. Mambo ya pesa mtaelewana nyumbani."

"Usipime."

"Yataharibika, mama. Lori ikienda imeenda."

"Yaharibike yakiwa yangu."

Alijitwika gunia akapanda nalo kilima. Majani yaliyokosa lori hayana kazi tena. Kufikia asubuhi huwa yamepiga wekundu na kuanza kunuka. Janeffer aliyamwaga kwenye shimo la mbolea nyuma ya zizi, kazi ya tangu alfajiri, akasimama akiyatazama mpaka ng'ombe alipoanza kulia kwa kutaka kukamuliwa.

Shamba lile alilijua kwa vidole. Alipoolewa, miaka kumi na minane iliyopita, kilima kizima kilikuwa miti ya miwati na magugu. Baba mkwe alimgawia Aron ekari moja upande huo wa mwinuko kwa sababu hakuna aliyeutaka. Aron alipata kibarua cha kupakia malori, akawa anatoka asubuhi na kurudi jioni. Aliyechimba mashimo ni Janeffer. Aliyeteremka mtoni kuchota maji ya kumwagilia miche ni Janeffer, akiwa na mimba ya Chepchumba. Michai elfu tatu na kitu, na hakuna hata mmoja ambao hakuushika kwa mkono.

Siku mbili baada ya mambo ya mizani, Gibson alifika na wazee wawili wa ukoo. Hakuja kwa fujo. Gibson hakuwa mtu wa matusi. Alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, na alizoea kuzungumza polepole mpaka mwenye ng'ombe achoke. Mkewe, Chepkorir, ndiye aliyebeba viti, kisha akaenda kukaa jikoni. Wageni walikunywa chai yao wakamaliza, ndipo wakafungua midomo.

"Shemeji, hakuna mtu anakufukuza," Gibson akaanza. "Utakaa kwako. Utachuma kama kawaida, na kila mwezi nitakupa kitu ya kukutosha. Lakini shamba lazima iwe na mwanaume. Hawa wasichana wataolewa. Sasa tukiandika jina la msichana, si ni kuchukua shamba ya baba yetu tupelekee mtu wa Longisa?"

"Kitu ya kunitosha ni kiasi gani?"

"Itategemea majani."

"Na majani yatachumwa na nani?"

Mzee mmoja alikohoa. "Mama, mwanaume hajibiwi namna hiyo. Hata mama yake Gibson, mzee wake alipofariki, alikaa chini ya shemeji yake. Hakukosa kitu."

Mama yao Gibson na Aron, ambaye wajukuu na kijiji kizima walimwita Kogo, yaani nyanya, alikuwa amekaa kizingitini akichambua maharagwe. Alilitoa jiwe dogo kwenye ungo akalitupa nje. Hakuinua kichwa.

"Nimesikia," Janeffer akasema. Wazee wakadhani amekubali, wakasali na kuondoka.

Wiki hiyo alivaa viatu vyake vya kanisani akaenda kwa chifu. Chifu alimwambia hayo ni mambo ya familia. Akaenda kwa mchungaji. Mchungaji alimwombea apewe moyo wa upole. Akampigia simu kaka yake. Kaka akamwambia avumilie, mwanamke hujengwa na uvumilivu. Kila mlango alioubisha ulifunguliwa kwa adabu na kufungwa kwa adabu. Na aliporudi kutoka kwa chifu alikuta vibarua wanne wa Gibson wako katikati ya michai yake, wakichuma kwa haraka na kuyavuta mpaka majani ambayo hayajakomaa.

Aliyemsikiliza bila kumwambia avumilie alikuwa Nyabate. Nyabate alikuwa mama wa Kikisii, rafiki yake wa sokoni, muuza ndizi mwenye mabega ya mtu aliyebeba mizigo maisha yote. Alikuwa amechuma chai miaka kumi na tisa katika shamba kubwa la kampuni upande wa Kericho, mpaka zilipoletwa mashine za kuchumia. Watu wawili na mashine moja wakawa wanafanya kazi ya watu thelathini, na hao wengine wakapewa mwezi mmoja kuhama nyumba za kampuni. Kwao Kisii hakuwa na mahali pa kurudi. Baba yake aliwagawia ardhi wana wa kiume. Mume aliyekuwa naye alioa mwingine. Nyabate alipanga chumba pale Silibwet na kuanza na mikungu miwili ya ndizi.

Jumapili moja alikuja kumtembelea Janeffer. Alisikiliza yote, kisha akatoka kwenda shambani peke yake. Janeffer alimfuata akamkuta ameingia kati ya michai, matawi yakimfika kifuani, akiinamisha moja kama mtu anayepima kitambaa.

"Hii chai ilikatwa lini?"

"Huu ni mwaka wa tano. Imepita wakati. Aron alikuwa amesema ikifika Juni tutaipogoa."

"Na huu ni mwezi gani?"

"Juni."

Nyabate alivunja kijiti akakitupa. "Namba ni ya Gibson," akasema. "Lakini panga ni ya nani?"

Janeffer alimwelewa mara moja. Mchai ukishapogolewa hubaki kisiki cha kufika juu kidogo ya goti, bila jani hata moja. Hukaa miezi mitatu, wakati mwingine minne, ndipo uchipuke na kuanza kuchumwa. Baada ya hapo hutoa majani laini na mengi kuliko mwanzo. Kila mkulima hupogoa. Hakuna mzee angeweza kusema ni uharibifu. Gibson angekuwa na namba isiyo na kilo moja ya kupima. Lakini miezi hiyo mitatu ilikuwa pia miezi yake yeye na watoto wake.

Jioni ile alimwambia Chepchumba. Msichana aliacha kusonga ugali.

"Na shule?"

"Utakaa nyumbani muhula mmoja."

"Kwa hivyo unakata chai ndio nikose shule."

"Nikichuma chini ya Gibson, utasoma siku akitaka. Siku asipotaka, atakutafutia mtu. Mimi nilitolewa shule nikiwa darasa la saba, na walionitoa walisema maneno mazuri kama yake."

"Hao walikuwa wako. Hii shule ni yangu," Chepchumba akasema, akaweka mwiko chini na kwenda kulala bila kula. Janeffer alimalizia ugali ule mwenyewe.

Gibson alikuwa na desturi ya kwenda soko la Chepseon kununua ng'ombe, na akienda hukaa siku mbili tatu. Jumatatu alipoondoka, Nyabate alipanda kilima na wanawake saba, wote walioachishwa kazi pamoja naye. Kila mmoja alikuwa na panga lililonolewa likafungwa kwa gunia. Janeffer hakuwa na pesa za kuwalipa. Walipatana kuni, kwa sababu matawi ya chai huwaka vizuri, debe la mahindi kila mtu, na kwamba majani yakirudi wao ndio watakaochuma kwanza.

Kule kwenye mashamba ya kampuni kupogoa kulikuwa kazi ya wanaume. Wanawake hawa walikuwa wameitazama kwa miaka, na walichokitazama walikuwa wamekishika. Nyabate aliwaonyesha tena: shika tawi kwa mkono wa kushoto, piga mara moja, mshazari, usirarue ganda. Alama ya kimo ilikuwa kijiti alichokifunga uzi mwekundu. Aliyeongoza mstari alikuwa Adoyo, mama mmoja wa Kijaluo, mrefu kuwashinda wote. Panga lake lilipanda na kushuka kama mtu anayetwanga. Nyuma yao Janeffer alikuwa akikata na kuyalaza matawi juu ya visiki, ili jua lisiviunguze.

Kufikia saa nne watu walikuwa wamesimama kando ya ua. Mwanaume mmoja mwenye baiskeli akasema wanawake hawakati chai.

"Uliza chai kama imejua inakatwa na nani," Adoyo akamjibu bila kusimamisha panga.

Mchana mvua ilinyesha kama inyeshavyo kule kila siku, nao wakaendelea ndani yake. Jumanne asubuhi Janeffer alisikia matawi yakiburutwa nyuma yake, akageuka. Chepchumba alikuwa amejifunga leso kichwani na kuvaa buti za baba yake. Alikuwa bado amekasirika, na ilionekana kwa jinsi alivyotupa matawi, lakini aliyatupa mahali panapofaa.

Jumatano saa sita Gibson akatokea. Mtu alikuwa amempigia simu. Alikuja kama anayekimbia, viatu vyake vizuri vimejaa tope, na Kogo akimfuata polepole na fimbo. Chepkorir alisimama mbali, kando ya ua. Zaidi ya nusu ya kilima ilikuwa imekwisha. Pale palipokuwa kijani, pamekuwa visiki na matawi yaliyolala.

"Umeua shamba ya kaka yangu," akasema.

"Nimeikata. Waulize wazee wako kama chai inakufa ikikatwa."

"Utakula nini?"

"Nitakula kile nimekula tangu Mei."

Gibson aliwageukia wengine. "Na nyinyi watu wa kutoka, nani aliwaita kwa mambo yetu?"

Nyabate alifuta utomvu kwenye panga lake kwa pindo la leso. "Nimekaa huku miaka ishirini na mbili," akasema. "Nikiwachumia chai sikuwa mtu wa kutoka."

Hakuna aliyeinua panga na hakuna aliyeondoka. Janeffer alitembea mpaka mwanzo wa mistari iliyobaki, akasimama kati ya Gibson na michai. Akamgeuzia shemeji yake mpini wa panga.

"Kama chai ni yako, Gibson, shika. Kata huu mmoja tu, uone kama utaurarua."

Gibson alilitazama panga. Katika maisha yake alikuwa ameuza ng'ombe mia, na hajawahi kupogoa mchai hata mmoja. Kila mtu pale alijua. Mkono wake ulisogea kidogo, ukarudi mfukoni.

"Mama," akasema, "mwambie huyu mwanamke."

Kogo alikuwa amefika, akihema. Aliangalia kilima kilichokatwa, halafu mawingu yaliyokuwa yakishuka.

"Aron aliniambia itakatwa Juni," akasema mwishowe. "Mvua inakuja. Wacha wamalize."

Walimaliza Alhamisi kabla jua halijazama.

Gibson alikimbilia kiwandani kushtaki kwamba shamba limeharibiwa. Afisa wa mashambani alikuja, akapita mstari kwa mstari akigusa visiki kwa kidole, akauliza fundi ni nani. Alipoonyeshwa wanawake wanane, aliandika kwenye fomu yake kwamba kupogoa kumefanywa wakati wake na kwa usafi. Wakati wa kuondoka alimwambia Janeffer jambo ambalo chifu, mchungaji wala kaka yake hawakuwa wamemwambia: barua ya chifu peke yake haitoshi kuhamisha mali ya marehemu. Aende mahakamani Bomet.

Julai na Agosti zilikuwa mbaya, na hakuna haja ya kuzipamba. Janeffer alilima mashamba ya wengine mpaka viganja vikapasuka. Aliuza maziwa ya ng'ombe wake mmoja, watoto wakanywa chai ya rangi. Mtoto wa mwisho alikohoa mwezi mzima. Kanisani akina mama waliokuwa wakikaa naye benchi moja walipata benchi lingine. Chepchumba aliwaona wenzake wakipita na sare, akawa anaingia ndani mpaka wapite. Mara mbili Janeffer alifika mlangoni kwa Gibson usiku, moyoni mwake tu, akaomba msamaha. Asubuhi akaamka na kwenda kulima.

Mahakamani walitaka barua ya chifu yenye majina ya mke na watoto wote. Chifu akasema hana muda. Janeffer alirudi nyumbani akachukua chupa ya uji na watoto wake wawili wadogo, akaenda kukaa kwenye ngazi ya ofisi yake. Alikaa kutwa nzima, na kesho yake tena, akiwaamkia kwa heshima wote walioingia. Kila aliyeingia aliuliza ndani yule mama ana shida gani. Siku ya nne chifu aliiandika barua, na akaitia mhuri kwa nguvu hata meza ikalia.

Kesi ilisikizwa mwisho wa Septemba. Gibson alisimama na kusema, kwa upole wake uleule, kwamba shemeji yake ni mtu mzuri lakini hakuolewa kwa sheria, cheti hakipo. Hakimu, mama mwenye miwani, akauliza kama kuna anayeweza kushuhudia ndoa. Janeffer alikuwa ameleta jirani mmoja. Kabla jirani hajainuka, Kogo, ambaye hakuna aliyekuwa amemwita, alisimama kutoka benchi la nyuma.

"Huyu ni bibi ya kijana yangu," akasema. "Mimi mwenyewe nilimpaka siagi kichwani, vile tunapaka bibi arusi, siku ile aliingia kwangu. Cheti ni nini?"

"Na huyu Gibson?" hakimu akauliza.

"Huyo pia ni kijana yangu. Simkatai." Kogo alishika fimbo kwa mikono miwili. "Lakini wazee wanasema mimi nilikaa chini ya shemeji na sikukosa kitu. Hakuna siku waliniuliza. Leo nimeulizwa."

Hakimu aliandika kwa muda. Akaamuru namba irudi kwa jina la marehemu na Janeffer achume mpaka uamuzi utolewe.

Nje, chini ya paa la ukumbi, Gibson alimngoja. Alionekana amechoka, na kwa mara ya kwanza alifanana na Aron.

"Tumalizie hii maneno nyumbani," akasema. "Chukua nusu. Mbele ya wazee, naapa."

Janeffer aliufikiria mwezi wa Agosti, kikohozi cha mtoto, Chepchumba nyuma ya mlango. Nusu ilikuwa shule. Nusu ilikuwa usingizi. Aliona aibu kwamba amefikiria muda mrefu namna ile.

"Hapana," akasema. "Ungeniletea nusu mwezi wa Mei, ningeipokea na kukushukuru kama mjinga. Sasa nimejua ni yangu yote. Twende, Kogo, tutafute chakula."

Michai ilichipuka Oktoba, myekundu kwanza, kisha kijani laini ambacho kilimfanya Sagini aweke mkono ndani ya gunia na kuuliza ni mbolea gani. Nyabate na wenzake walichuma kwanza, kama walivyopatana. Chepchumba alirudi shule Januari, akarudia darasa na watoto waliokuwa nyuma yake. Hakusema asante, na Janeffer hakuidai. Uamuzi ulitoka Februari: ardhi na namba vikae kwa mjane, kwa niaba yake na ya mabinti zake watatu, na majina yao yakaandikwa moja baada ya jingine. Wazee wawili wa ukoo hawamsalimii mpaka leo. Yeye huwasalimia kwa sauti.

Asubuhi moja mwezi wa Machi alikuwa akichuma mistari ya chini, karibu na ua, aliposikia mtu akimwita kwa sauti ya siri. Alikuwa Chepkorir, mke wa Gibson. Alikuwa ameshika jembe, lakini hakulima. Aliangalia nyuma kuelekea nyumbani kwake, kisha akasogea mpaka miiba ya ua ikagusa nguo yake.

"Mama Chepchumba," akasema, "ile fomu ya kuandikisha jina la bibi kwa namba ya chai, mzee akiwa bado hai. Inachukuliwa ofisi gani?"

Janeffer aliweka kikapu chini, akausogelea ua.